Kisanduku Alichokichagua Mjomba

Mjomba Shanbor alipiga noti moja, akainua kidole kama mwalimu wa kwaya anayetaka watoto wanyamaze, akasubiri. Noti ikarudi. Ikarudi tena, na tena, mara sita, ikipungua nguvu lakini kila mara ikiwa kali na safi vilevile kama ilivyotoka kwenye uzi. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Hiki," alisema. "Cha pili. Sikilizeni inavyozama! Kila ikirudi, ukali umebaki njiani, mpaka unasikia moyo wa sauti peke yake. Mnasikia?"

Bah Rishot, mwenye duka (bah kwa lugha yetu ni kaka), alikuwa amechuchumaa sakafuni, mkono ungali juu ya kisanduku cha mwangwi alichokiwasha, kimoja kati ya viwili. Alinitazama. Nami nilimtazama. Kisha sote wawili tukayaangalia magitaa ukutani, kana kwamba lipo mojawapo ambalo lingetusaidia.

Kilichowaka kilikuwa kile cha dijitali. Hakuna kilichozama.

Miaka ishirini na miwili imepita tangu asubuhi ile, na bado naweza kusema soksi za Bah Rishot zilikuwa za rangi gani. Aibu ina kumbukumbu nzuri kuliko furaha.

Wakati ule, mtu wa Shillong, mji wetu wa milimani huku India, akitaka kununua gitaa alimtafuta Mjomba kwanza. Hakuwa tajiri wala hakuwa na cheo. Alikuwa na masikio. Alikuwa amepiga gitaa miaka thelathini kwenye kumbi za makanisa, kwenye harusi na kwenye majukwaa ya mbao yanayotikisika, siku zote amesimama upande wa kushoto, kando ya matoazi ya mpiga ngoma. Hakukubali kuchagua chombo akiwa anakitazama. "Jicho lina tamaa," alikuwa akisema. "Linapenda rangi, linapenda jina. Sikio halipendi kitu ila kilichopo." Basi alikuwa akifumba macho, mtu mwingine anabadilisha vyombo, naye anasema cha kwanza, cha pili, cha kwanza. Watu walikuwa wakiacha kazi zao kuja kumwona akifumba macho.

Nami nilikuwa mpwa wake, Ridalin, kitinda mimba wa dada yake, nina miaka kumi na tisa na najiona nimeumaliza ulimwengu. Niliishi naye mtaa wa Laitumkhrah, chumba changu kikitazamana na chake, kwa sababu ya chuo. Mama alikuwa amebaki kijijini, upande wa Khatarshnong, katika nyumba ya bibi, ambayo siku moja ingekuwa yangu. Kwetu Wakhasi ukoo ni wa mama, na nyumba humfuata binti wa mwisho. Baba anakupenda, mjomba anakuamulia. Na mjomba akishaamua, humwambii "lakini".

Nilikuwa nataka kisanduku cha mwangwi, kinachoidaka sauti ya gitaa na kuirudia, kwa ajili ya shindano la chuo. Nilikuwa nimeshachagua moyoni: kile cha dijitali, chenye vifundo sita na taa ya buluu, kinachoweza kukamata maneno mazima ya gitaa na kuyarudisha bila kukosea hata moja. Mjomba alikuwa amechagua moyoni mwake pia. Alikitaka kile cha analogi, kizee, rangi imebambuka pembeni, vifundo vitatu tu: kimoja cha muda, kimoja cha idadi ya marudio, kimoja cha nguvu. Tukiwa njiani kwenda dukani alinieleza kwa nini.

"Unawakumbuka kina mama wa kijijini wakipandisha maji kwenye ngazi?"

"Nawakumbuka."

"Ndoo inatoka kisimani imejaa. Huyu anampa huyu, huyu anampa yule. Kila mkono unamwaga kidogo. Ikifika juu imepungua, na maji yamepata joto la mikono ya watu. Basi kisanduku cha analogi ndani yake kiko hivyo hivyo. Sauti inapokezanwa mkono kwa mkono, na kila mkono unamwaga kidogo. Cha dijitali kinaandika sauti kwenye karatasi halafu kinakusomea. Hakikosei, sawa. Lakini nani alisema bonde halikosei?"

Nilicheka. Nilimwambia, "Mjomba, wewe ungeweza kuuza ndoo iliyotoboka."

"Nimeshauza, tena kwa kasisi."

Kwa hiyo pale dukani kila mmoja alikuwa anajua mwenzake anataka nini. Naye, akiwa amefumba macho, akakisifia changu akidhani ni chake. Aliusikia ukali ukiondoka kwenye mwangwi ambao haukupoteza ukali wowote. Nikaelewa palepale, kama mtu anavyoelewa kwamba amekanyaga mahali pasipo na ngazi: ukali ulikuwa umeondoka kwake. Kwa masikio yake dunia nzima ilikuwa imeshazama.

"Basi tuchukue hicho?" aliuliza, akifumbua macho na kunigeukia mimi, si sakafuni. "Cha pili ndicho kile kizee, au nimekosea?"

Hakuwahi kuuliza kama amekosea. Siku ile aliuliza. Bah Rishot alikuwa bado amechuchumaa, ameuma midomo, akiningoja mimi.

"Hujakosea, Mjomba," nikasema. "Ni chenyewe."

Bah Rishot alikifunga kile cha dijitali kwenye gazeti. Mjomba alikuwa ameshatoka nje kununua tambuu kwa mama wa pembeni ya barabara. Nilikiweka kwenye mfuko wangu, na hapa ndipo penye soni yangu: moyo wangu ulikuwa unacheza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilikuwa nimekipata kwa heshima.

Wiki zilizofuata nilianza kuona yale niliyokuwa nayaona siku zote. Birika lilipiga mluzi mpaka maji yakaisha, naye amekaa kando yake anasoma gazeti. Alipenda kukaa akiutazama mdomo wa mtu. Alikuwa ameacha kuwasikia ndege wa asubuhi na alikuwa anasema ndege wamehama kwa sababu ya magari. Kisanduku nilikipigia chuoni tu, mpaka shindano likapita. Nyumbani nilikificha chini ya kitanda. Mjomba hakuomba kukiona hata mara moja, na mimi, kwa ujinga wa miaka kumi na tisa, nilidhani hiyo ilikuwa bahati yangu.

Mwezi wa pili tulishuka kijijini kwa mavuno ya majani ya ufagio, kama kila mwaka. Kijiji chetu kimekaa ukingoni mwa bonde, na mashamba yako ng'ambo, mwendo wa tambuu mbili: unatafuna ya kwanza ukishuka ngazi za mawe, ya pili ukipanda. Kule bondeni watu hawaitani majina. Jina likitajwa msituni, yapo masikio mengine yanayolidaka, na mwenye jina akirudi nyumbani anaweza kuugua. Mtu huitwa kwa wimbo wake. Mama anapozaa, sauti ya kwanza anayomwimbia mtoto ndiyo inakuwa yake, haina maneno, haina mwenzake kijijini, na siku mwenyewe akifa haiimbwi tena. Mjomba alikuwa na wake, aliotungiwa na bibi. Unaanza juu, juu sana, unashuka hatua tatu, kisha unapanda tena kama swali. Bibi alipofariki, Mama ndiye aliyebaki wa kumwita.

Ilikuwa mchana. Chakula kilikuwa tayari. Mama alisimama kwenye jiwe la ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akamwita kaka yake. Wimbo ulivuka, ukagonga ng'ambo, ukarudi umefifia. Tulimwona Mjomba kule, mdogo kama kidole, amewapa mgongo wavunaji wengine, anakata majani. Hakugeuka.

Mama alimwita tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mzigo alisimama. Mama alimwita mara ya tatu. Kule ng'ambo mvunaji mmoja alimgusa Mjomba begani, akamwonyesha kwetu. Ndipo akageuka, akapunga mkono kwa nguvu kama mtu aliyesikia siku zote.

Mama alikaa juu ya lile jiwe. "Tangu lini?"

"Sijui, Mama."

"Mnaishi mlango kwa mlango, hujui?"

Nikamweleza habari ya dukani, yote. Nilidhani atanisifu kwa kuwa sikumwaibisha mjomba wangu mbele ya mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta majani kwenye sketi yake.

"Kwa hiyo ulinyamaza."

"Ningemwambiaje, Mama? Ni Mjomba!"

"Mimi sijauliza hilo. Ninauliza hivi: na kama angekuwa amekosea upande wa pili? Kama kosa lake lingekupa kile usichokitaka, ungenyamaza pia?"

Aligeuka akatazama ng'ambo.

"Tunamficha yeye kwake mwenyewe," akasema. "Wewe huko mjini, na mimi huku. Mwaka jana niliita mara mbili nikasema ni upepo. Msitu huu una nyoka, una mawe yenye utelezi. Mtu asiyeusikia wimbo wake, Ridalin, nani atamrudisha nyumbani?"

Mama yangu si mtu wa kulia. Alilia hapohapo, mchana kweupe, mwanamke mwenye mzigo akimtazama.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa Bah Rishot. Niliweka kisanduku juu ya kaunta. Hakuuliza kina kasoro gani. Aliinama, akatoa kile kizee chini ya kaunta, kimefungwa kwenye gazeti la siku ileile.

"Kimekaa hapo wiki tano," alisema. "Wamekuja watu watatu wanakitaka, nawaambia kina mwenyewe."

"Kwa nini hukusema kitu siku ile, Bah?"

"Mimi ni mwenye duka, dada. Mpwa ni wewe."

Nilikwenda nacho chumbani kwangu, Mjomba akiwa kazini, nikakiunganisha. Nikapiga noti moja ya juu. Ilirudi imevaa koti. Ikarudi tena imejifunika zaidi, ikarudi tena, na kila ilipopita kitu kilichokuwa kinang'aa kiliachwa nyuma, mpaka mwishoni ikawa ni mnong'ono wa chini usiojulikana ulitoka kwenye uzi gani. Nilikaa kitandani nikairudia noti ile saa nzima. Nilikuwa naisikia miaka ya Mjomba kando ya matoazi, mmoja baada ya mwingine. Nikajua pia kwamba yale ya chini katika sauti hayakupotea. Yalikuwa yanabaki mpaka mwisho kabisa.

Jumamosi, Mjomba akiwa ametangulia, nilishuka kijijini na gitaa, kisanduku, na spika ndogo ya betri. Mama aliviangalia nilivyovipanga juu ya jiwe la ukingoni.

"Wimbo unatoka kooni mwa mama," alisema. "Hautoki kwenye betri."

"Najua, Mama."

"Hata koo langu ni la kuazima. Lililoutunga limezikwa." Alitafuna tambuu yake akiangalia ng'ambo ambako kaka yake alikuwa anafunga matita ya ufagio. "Haya. Piga."

Niliuhamishia wimbo wake chini, kwenye nyuzi nene, mahali ambapo hakuna ukali wa kupotea. Kifundo cha muda nilikipeleka mwisho wake, ambao si mbali, maana bonde la kisanduku kile ni jembamba. Marudio matano. Nikapiga: kushuka hatua tatu, kupanda kama swali.

Kisanduku kiliupokea, kikaupokeza. Bonde nalo likaudaka, likaurudisha. Zilikuwa sauti juu ya sauti, za mashine na za mwamba, zote zikizama pamoja.

Mjomba alisimama wima. Tita likamtoka mkononi. Hakuna aliyemgusa bega. Aligeuka polepole, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatutazama sisi. Alikaa hivyo mpaka mwangwi wa mwisho ukaisha. Halafu akaweka mikono mdomoni akaitika, kwa sauti iliyopasuka katikati. Mama alinishika mkono mpaka ukauma.

Alipanda bila kutafuna chochote. Alipofika, akihema, alichutama mbele ya kisanduku akavihesabu vifundo kwa kidole.

"Vitatu," alisema.

"Mjomba, nisamehe. Siku ile dukani…"

"Vilikuwa sita. Ulipokiweka mezani kunitafutia funguo, jioni ileile, niliviona kwenye tundu la gazeti." Alikaa chini. "Nikasema, Shanbor, ama huyu mtoto ni mwongo, ama wewe ni kiziwi. Nikaomba Mungu uwe mwongo."

"Nilikuwa mwongo pia," nikasema.

Mjomba alicheka, kile kicheko chake cha kuvuta pumzi. "Basi Mungu ametoa vyote viwili. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Hili langu halisikii hata birika." Kisha akamtazama Mama, na kicheko kikamwisha. "Dada, umekuwa ukiniita?"

"Nimekuwa nikikuita," Mama alisema.

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Halafu akanigeukia, akautazama mdomo wangu. "Lakini wewe nieleze kitu. Kwangu mimi sasa visanduku vile ni kimoja. Nimeshindwa kuvitofautisha, umeona mwenyewe. Kile cha vifundo sita ulikipenda. Kingeweza kuniita vilevile. Kwa nini umekirudisha?"

"Kwa sababu hiki ndicho ulichokichagua."

"Nilichagua kingine."

"Ulichagua hiki njiani, kabla hatujafika dukani. Ile habari ya ndoo."

Alilaza kiganja juu ya kisanduku kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akanyoosha kidole akarudisha nyuma kidogo kifundo cha marudio. "Matano ni mengi," alisema. "Unaniita au unanigombeza? Matatu yanatosha. Mtu muungwana huitwa mara tatu."

Miaka kumi na moja aliitwa hivyo. Aliacha kuchagua magitaa ya watu. Alirudi kijijini, nami kila likizo nilikuwa naye, na nilipokuwa sipo Mama mwenyewe, aliyekuwa hajui hata kushika gitaa, alijifunza noti zile tano na si moja zaidi. Majirani walimtania: "We bwana, umeme umekuja, nenda kale!" Naye aliwajibu kwamba wao wanaitwa kwa mate. Mwishoni hata nyuzi nene zilimchenga. Alikuwa anakuja ukingoni mapema, anakaa kando ya spika na kiganja juu yake, na Mama anampigia wimbo wake naye yupo hapo hapo hatua moja, kwa raha yake tu.

Alikwenda kula tambuu nyumbani kwa Mungu, kama tusemavyo mtu akifa, mwezi wa tano, mvua kubwa zikianza. Siku ya maziko hakuna aliyemwimba. Ndivyo ilivyo.

Mimi sasa ndiye mwenye nyumba. Mwaka jana nilikuwa sebuleni na gitaa, najaribu kisanduku baada ya kukiwekea betri mpya, na Mama akiwa jikoni anachagua mchele. Sikuwa nafikiria kitu. Vidole vina akili zao: nilipojua vinafanya nini vilikuwa vimeshashuka hatua tatu na kupanda.

Nilizibana nyuzi kwa kiganja. Gitaa likanyamaza palepale. Lakini kisanduku kilikuwa kimeshapokea, kikaanza kupokeza. Kikamwita mara ya kwanza. Mguu wangu ulikuwa juu ya swichi, kuikandamiza tu kungetosha. Jikoni mlio wa mchele kwenye ungo ulikoma.

"Usizime," Mama alisema.

Kikamwita mara ya pili, chini zaidi. Kikamwita mara ya tatu, na hiyo ilikuwa ya mwisho, kwa sababu kifundo cha marudio sijakigusa tangu alipokirudisha nyuma yeye. Tulingoja kidogo, mimi huku na Mama kule, kama watu wanaongoja kuitikiwa. Kisha mlio wa mchele ukaanza tena.